Nanomita Tatu

Kiwanda kilipofungwa walituita mmoja mmoja kwa jina,
wakatupa bahasha na blanketi.
Langu jekundu. Nililitia rangi mwenyewe,
na hadi leo nalifunikia darubini umande usiingie.

Miaka thelathini na mmoja nimesimama mbele ya mapipa, hapa Łódź,
mvuke wa rangi ukinipanda puani,
kucha zangu buluu hata Jumapili kanisani.
Wacław alikuwa akisema: huyu mke wangu ukimkamua
hukosi nusu lita ya wino.
Wacław hayupo tena. Kucha zimetakata.
Nimebaki na roshani ya ghorofa ya nne,
hatua tatu kwa mbili, na chini yake
maegesho ya duka kubwa, na taa zisizojua usingizi.

Zamani taa zilikuwa za njano, njano mbaya, ya usaha,
lakini njano moja, na adui mmoja hukwepeka.
Mwaka juzi manispaa ikaleta nyeupe.
Nyeupe! Mtu wa rangi hadanganyiki na nyeupe:
ni umati mzima uliojitanda shuka moja.
Niliandika barua. Wakanijibu kwa adabu
kwamba wananchi wamefurahi.

Nikauza cherehani.

Kilichofika kwa posta kinatosha kiganjani,
kioo cha duara; ukikiinamisha kinakurudishia uso wako
umegeuka kijani, kama mgonjwa.
Bei yake binti yangu haijui.
Kazi ya kichujio hiki ni kukataa.
Taa za duka: hapana.
Mwezi, na umbembe wake wote: hapana.
Runinga ya Bi Leokadia ng'ambo ya pili: hapana, hapana.
Rangi zote za dunia zimejazana mlangoni zikibisha hodi,
nacho kinafungua ufa wa nanomita tatu,
kinaita jina moja:
haidrojeni. Pita.

Ninailenga Shela, nebula iliyotandazwa katika Batamaji,
matambara ya nyota iliyopasuka
kabla mji huu haujapata hata jina.
Dakika tano, picha moja. Dakika tano, nyingine.
Zote kijivu; kamera yangu haijui rangi,
inajua wingi tu.
Usiku wa kwanza haidrojeni, saa nne na robo.
Usiku wa pili oksijeni, mwoga yule,
mwezi ukichungulia tu, naye hafifu.
Salfa niliingojea siku kumi na mbili za mvua
nikisikiliza mfereji wa bati ukihesabu.

Kisha meza ya jikoni, chai, kompyuta.
Salfa naipa wekundu, haidrojeni ukijani, oksijeni buluu.
Jagoda wa mlango wa pili, miaka tisa,
anakuja na mkate wake mkononi:
Hizi rangi ni za kweli?
Namwonyesha blanketi. Kondoo, namwambia,
hakuzaliwa mwekundu. Lakini ulipokuwa na homa
ulilala chini ya nini?
Anatafuna. Hajaridhika. Mimi pia, tukisema kweli,
sijaridhika.

Kuna jambo sijamwambia.
Daktari amenipima: jicho la kulia lina mtoto,
la kushoto lina mtoto mkubwa zaidi.
Kila mwaka wananiwekea kichujio cha njano ndani kwa ndani,
bure, bila kuomba,
nacho kinachokataa ni buluu.
Buluu, mimi! Niliyeijua kwa namba, kwa harufu,
kwa jinsi inavyouma mkatiko wa kidole.

Basi nasukuma kitelezi polepole
na kumwuliza mtoto, kana kwamba namfanyia mtihani:
Oksijeni umeiona? Imekolea?
Bado, anasema. Bado kidogo.
Umepitiliza, rudi.
Hapo.

Naacha hapo.
Sioni alichoona; naona uzi mwembamba wa majivu
ukipinda juu ya weusi, na makombo ya mkate mezani,
na dirishani, mchana kweupe,
taa za maegesho bado zinawaka.